Mko Wangapi?

Keateka wa nyumba ya kwanza hakutusalimia. Alitutazama mmoja mmoja, mama, mimi, dada yangu na mtoto mgongoni, halafu akauliza, "Mko wangapi?"

"Sita," mama akasema.

"Sita?" Alilirudia neno kama mtu aliyepewa noti feki. "Mathe, hii ni nyumba ya watu wanne. Wanne na kamtoto, sawa. Sita, maji haitatosha."

Ilikuwa fleti ya vyumba viwili vya kulala huko Section 58, ghorofa ya tatu, elfu ishirini na mbili kwa mwezi na dipoziti ya kiasi hicho hicho. Tulikuwa tayari tumegeuka kurudi kwenye ngazi alipouliza swali la pili, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei ya kitu kisichouzwa hadharani: "Na nyinyi ni watu wa wapi?"

Kwa wiki tatu zilizofuata tuliona nyumba kumi na moja mjini Nakuru. Maswali hayo mawili yalibadilisha mpangilio tu. Kuna walioanza na la pili. Ajenti mmoja aliyauliza yote kwenye simu kabla hata sijataja jina langu.

Kuna kitu kingine nilichokiona wiki hizo. Mimi na dada tukiingia nyumba tunakimbilia jikoni, tunafungua mifereji, tunaangalia kama soketi zina moto. Mama hakuingia moja kwa moja. Alizunguka nje kwanza. Alihesabu milango ya ua, akaangalia ua wa nyuma unapakana na nani, halafu ndipo akavua viatu na kuingia. Nyumba kama nne hivi hakuingia kabisa. Alisimama langoni akasema, "Tuendelee." Nilidhani ni uzee.

Nieleze kidogo tulifikaje hapo. Mama alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni huko Njoro kwa miaka kumi na tano, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shule. Alipotimiza miaka sitini akastaafu, akapewa miezi mitatu ahame. Ni haki, mpishi mpya naye ana watoto. Dada anafanya kazi saluni mjini na ana watoto wawili, wa miaka mitano na mmoja wa karibu miwili. Ndugu yetu mdogo yuko kidato cha pili. Mimi ninaandika: makala, maelezo ya bidhaa, hotuba za maharusi, chochote chenye malipo, na malipo yenyewe huja kama mvua ya Baringo. Tukichanga wote tulifika elfu kumi na nane.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi au pesa za kutosha kulipia kodi. Dada analipwa kwa kila kichwa anachosuka, mimi kwa kila neno. Kwa hivyo kifungu hicho tunakisoma kama menyu ya hoteli.

Chuoni nilisoma historia, miaka miwili na nusu, kabla karo haijanishinda. Mtu aliyeacha shule ana ugonjwa wake: akipata shida hukimbilia kusoma, kama vile kuna mtihani bado unamngoja. Usiku, baada ya kutembea mitaa na kukataliwa, nilikuwa nasoma mtaa huo ulitoka wapi. Nilianza kwa hasira tu. Nilitaka kujua kwa nini mji wenye nyumba nyingi hivi hauna moja ya watu sita.

Nakuru ni mji uliobanwa. Kaskazini kuna Menengai, volkano yenye shimo kubwa juu, na kusini kuna ziwa la magadi, ambalo sasa limo ndani ya mbuga yenye ua. Katikati ndipo reli ilipopita mwaka wa 1900 ikielekea Kisumu, na mwaka wa 1904 pakatangazwa kuwa mji. Walowezi walikuwa wakigawiwa mashamba pande zote, kwa hiyo huu ulikuwa mji wao wa soko, wa benki na wa kulewa. Jina lenyewe inasemekana limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Ukifika Kivumbini mwezi wa Januari, upepo ukitoka ziwani, utaona kwamba waliotoa jina la pili walikuwa wanatafsiri tu la kwanza.

Vumbi hilo si jambo dogo kwa anayechagua nyumba. Linapanda kutoka kusini, na unavyozidi kupanda kuelekea Menengai ndivyo linavyopungua. Juu kuna hewa, kuna mandhari ya ziwa, na maji ya mvua yanashuka kwenda kwa wengine. Ndiko Wazungu walikojenga. Panaitwa Milimani, kama panavyoitwa Kisumu, kama palivyoitwa kila mji wa nchi hii ambao Mzungu alipata kilima. Chini ya reli palikuwa na maduka, na Wahindi waliishi karibu na maduka yao. Waafrika wakapewa upande wa ziwa. Bondeni. Jina halikuhitaji kamati.

Hili halikutokea kwa bahati. Mwaka wa 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson, bingwa wa tauni na afya ya miji, aje aangalie usafi wa miji ya Afrika Mashariki. Ripoti yake ilipendekeza kila rangi ikae mahali pake, na kati ya makazi ya Wazungu na ya wengine uachwe ukanda mtupu wa angalau yadi 300. Hizo ni kama mita 270. Hoja ilikuwa ugonjwa: panya, mbu na tauni. Lakini panya hajui yadi, na mpishi, yaya na mtunza bustani walivuka ukanda huo kila alfajiri kwenda kuwapikia Wazungu waliokuwa wakilindwa dhidi yao.

Mwaka wa 1923, katika waraka wa Devonshire, London iliachana rasmi na sera ya kutenga Wazungu na Wahindi mijini. Waafrika hawakuwa kwenye mjadala huo wa mitaa, maana hawakuhesabiwa kama wakaaji wa mji. Walikuwa wafanyakazi waliolala humo.

Milimani tulienda, usicheke. Tangazo lilisema "nyumba ndogo ya kujitegemea, eneo tulivu, elfu kumi na moja". Tukapanda na boda mbili. Lango kubwa, mijakaranda, nyumba ya zamani yenye paa la vigae, na sisi tukaongozwa kuipita, kupita kamba za nguo na tangi la maji, hadi nyuma kabisa. Ilikuwa SQ. Vyumba viwili kama makabati, choo cha nje, na madirisha madogo yaliyowekwa juu sana hivi kwamba ukiwa ndani huoni kitu ila mawingu. Mama alisimama hapo akiangalia madirisha yale. "Haya yaliwekwa juu ili mtu asiangalie nje," akasema. Mimi nilidhani ni ili mtu wa nje asiangalie ndani. Vyovyote vile, huyo mtu wa ndani alikuwa Mwafrika pekee aliyeruhusiwa kulala Milimani, akiwa na kipande chake kwenye kijaluba cha bati shingoni, na aliruhusiwa yeye peke yake. Mke wake akija kumsalimia alikuwa mgeni asiye na ruhusa.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali la kwanza la keateka.

Babu yangu alikuja Nakuru kufanya kazi reli. Mama anasema alikuwa na kitanda. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni namna ya kujigamba, kwamba wengine walilala chini. La. Kitanda ndicho alichopangishiwa. Chumba kilikuwa na vitanda vinne na wanaume wanne, na kila mmoja haki yake iliishia ukingoni mwa godoro. Nyanya alibaki shambani. Alikuja mjini baada ya mavuno, wiki mbili au tatu, na siku hizo wale wanaume watatu walitafuta pa kulala kwa marafiki. Walipokezana hivyo, kila mke na msimu wake. Nyanya alikuwa akisimulia haya akicheka, lakini hakuwahi kuniambia aliwaza nini akipika chakula kwenye chumba ambacho watu watatu walikuwa wanasubiri aondoke.

Mshahara wa babu ulipigiwa hesabu kwa mtu mmoja. Sisemi kwa mafumbo. Mwaka wa 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika Kenya na kukiri waziwazi kwamba mshahara wa chini uliwekwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja: chakula chake, nguo zake, pa kulala pake. Mke na watoto hawakuwamo kwenye hesabu kwa sababu ilidhaniwa shamba la akiba litawalisha. Kamati ikapendekeza hatua kwa hatua mshahara utosheleze familia. Hii ni mojawapo ya vitu vichache nilivyotoka navyo chuoni. Nilikariri jina la Carpenter kwa ajili ya mtihani ambao sikuufanya, na sikujua nilikuwa nakariri habari za kitanda cha babu.

Wakubwa hawakuamka siku moja wakiwa na huruma. Mwaka wa 1939 wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma, na pesa za nyumba zilikuwa kati ya madai yao. Migomo ikaendelea baada ya vita. Serikali ikaanza kuhofia kwamba wanaume wengi wasio na familia, waliolazwa pamoja kwenye vyumba na kulipwa visivyotosha, watakuwa hatari kuliko wanaume wenye wake na watoto wa kuhofia. Familia mjini ikawa sera ya usalama. Ndiyo sababu miaka ya hamsini, Kenya ikiwa katikati ya Hali ya Hatari, ndipo halmashauri za miji zilipojenga kwa wingi nyumba za Waafrika zenye jiko na zaidi ya chumba kimoja.

Babu alipata moja Kivumbini. Mama alizaliwa hapo mwaka wa uhuru. Yeye ndiye mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kuzaliwa mjini, na alizaliwa kwa sababu kuna mtu ofisini alikubali kwamba mtu aliye na kazi Nakuru anaweza pia kuwa na mtoto Nakuru.

Tulipitia huko siku ya tano ya kutafuta, ingawa tulijua hakuna nafasi. Nyumba za kanjo hazina keateka wala tangazo. Anayekaa humo haachi, na akifa mtoto wake anabaki. Zile safu bado zipo, zimeota vibanda mbele na nyuma, kila familia imesukuma ukuta wake kidogo kidogo kila ilipoongezeka mtu. Mama alionyesha mlango. Mwanamke aliyekuwa anapepeta maharagwe akatuuliza tunamtafuta nani. Mama akasema hakuna, tumepotea. Upande wa Bondeni serikali imejenga maghorofa ya bei nafuu, marefu, yenye rangi mpya. Dada aliyaangalia kwa muda mrefu. Yanahitaji akiba ya kuanzia na mapato yanayoonekana kwenye karatasi, na sisi karatasi yetu ni M-Pesa.

Sasa nije upande wa magharibi, ambako ndiko tungeweza kupata nyumba kesho yake.

Huko kuna vyumba vitatu kwa elfu kumi. Kuna matatu hadi usiku, kuna soko, kuna shule. Wafanyakazi wengi wa mji huu wanalala huko na wanaamka wakiwa hai na wenye furaha kama mtu mwingine yeyote. Mimi mwenyewe nilizaliwa huko. Nimekataa kuutaja mtaa wetu, si kwa aibu, bali kwa sababu umesemwa vya kutosha na watu wasiouishi.

Mitaa hiyo ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, walowezi walipouza, wananchi walichanga pesa kupitia kampuni za kununua ardhi na vyama vya ushirika, wakanunua shamba zima, wakaligawa kwa hisa. Ni hadithi ya ushindi, na niseme hivyo, maana watu waliokatazwa kumiliki hata kiwanja waliishia kumiliki shamba la bwana. Lakini lina mambo mawili ambayo mpangaji wa leo anayakuta mlangoni. La kwanza, shamba liligawiwa na wenye hisa na si na mpangaji wa miji. Kila mmoja alitaka kipande chake kiwe kikubwa, kwa hiyo barabara ikawa nyembamba, bomba la majitaka halikuwepo, na mwenye kipande akajenga safu za vyumba vya futi kumi kwa kumi kuzunguka ua mmoja wenye choo kimoja. Ndiyo ploti unazozijua. Ukiangalia vizuri, ni chumba cha babu kimerudi: futi kumi kwa kumi, mtu mmoja, haraka.

La pili, watu huchangia pesa na wanaowaamini, na miaka hiyo waliowaamini walikuwa wa lugha moja. Kampuni nyingi zilikuwa na uso wa kabila. Mashamba yakawa hivyo, na mashamba yalipomezwa na mji yakawa mitaa. Mzungu alitenga kwa rangi kwa sheria. Sisi tulijipanga kwa lugha kwa risiti za hisa. Keateka anayeuliza "watu wa wapi" pengine hana ubaya wowote. Anasoma ramani ambayo hakuichora, na anajua kwamba kuna miaka ramani hiyo hushika moto.

Ilishika Januari 2008. Uchaguzi ulikuwa Desemba, Nakuru ikatulia wiki kadhaa hadi watu wakaanza kusema hapa hakuna kitu, na mwisho wa Januari ikalipuka. Nilikuwa na miaka tisa. Ninachokumbuka ni moshi, na mama akimpa dada mkono wangu kama mtu anayekabidhi mzigo. Lango la ploti yetu lilikuwa moja, na waliokuja walikuja kwa lango hilo. Tulitoka kwa nyuma, kupitia mabati ambayo jirani aliyang'oa kwa mikono. Alikuwa wa upande wa wale waliokuja. Alikatwa vidole viwili na bati lile, na alitusukuma mmoja mmoja, ndugu yetu mdogo akiwa bado tumboni mwa mama. Tulilala uwanja wa maonyesho ya kilimo na maelfu ya wengine. Miezi michache baadaye mama alipata kazi ya jikoni Njoro, na nyumba ya shule ilikuja na ukuta na mlinzi. Hakurudi kuangalia vyombo.

Sitakuambia sisi ni watu wa wapi. Najua umekuwa ukijaribu kukisia tangu aya ya kwanza. Ukijua utaegemea upande, na hadithi hii ina pande mbili tu: waliokuja kwa lango na aliyeng'oa bati.

Nilimwambia mama kwamba ni miaka mingi imepita, kwamba chaguzi nyingine zimekuja na kwenda na mtaa umetulia, kwamba elfu kumi ingetuachia elfu nane ya chakula. Nilikuwa na hoja nzuri, nikazitoa kwa mpangilio. Tulikuwa tumekaa kwenye banda la chai karibu na mzunguko wa KFA. Alinisikiliza hadi mwisho. "Wewe uliona moshi," akasema. "Mimi niliona ni nani alikuwa ameshika panga. Alikuwa ananiuzia maziwa." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa anahesabu milango. Sikurudia tena hesabu ya elfu nane.

Zikabaki pande nyingine, na jambo ambalo hakuna ajenti hukuambia: maji.

Ukikutana na mtu mwenye meno ya kahawia, watu wa Nairobi hutania kwamba huyo ametoka Nakuru. Mimi yangu ni hivyo, ya mama pia. Si uchafu. Miamba ya bonde hili ni ya volkano na ina floridi nyingi, na visima vinaivuta. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili vinakipita. Madhara hupata jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, kwa hiyo mtu mzima akihamia hapa na meno yake meupe atabaki nayo. Anayelipa ni mtoto. Wapwa zangu wana miaka mitano na miwili, meno yao ya ukubwani yako njiani.

Kwa hiyo tuliongeza swali letu kwa kila keateka: maji ni ya kanjo au ya kisima? Kiamunyi tulipata nyumba nzuri mno, ya chini, na kiwanja cha kupanda sukuma. Keateka alijisifu kwamba wana kisima chao, maji matamu, hayakatiki. Utamu hauonyeshi kitu. Kuchemsha pia hakusaidii. Maji yanapungua na floridi inabaki, kwa hiyo unaipika ikolee. Kinachofanya kazi ni vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kazi ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeifanya kwa miaka mingi, na kichujio ni pesa na ni kubadilishwa. Mama alikiangalia kile kiwanja cha sukuma kama mtu anayeagana na mgeni. Tukaondoka.

Upande wa Mwariki tulikuwa tumechelewa kwa namna nyingine. Tangu karibu 2010 ziwa limekuwa likipanda. Limemeza lango kuu la zamani la mbuga, na kufikia 2020 likawa ndani ya nyumba za watu. Tulionyeshwa nyumba ya bei rahisi sana. Ukutani, kwenye usawa wa goti langu, kulikuwa na mstari mweupe wa magadi, umenyooka kama uliopigwa na fundi.

Nilikuwa nikifikiria mstari huo tulipopanda matatu ya Free Area, mashariki, barabara ya Nairobi. Huko kuna kilima kidogo kinachoitwa Hyrax Hill. Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937 na 1938, akakuta makaburi, vyungu, na alama za watu waliokaa kwa vipindi tofauti, wengine maelfu ya miaka iliyopita. Ziwa wakati mmoja lilikuwa kubwa hadi likafika chini ya kilima hicho. Walikaa juu yake. Waliona maji yakija na waliona nani anakuja. Nilimwonyesha mama kwenye simu, akasema hao walikuwa na akili, lakini walikuwa wanalipa ngapi?

Akili ya kuchagua nyumba si ya kila mtu. Njoro, karibu na tulikokuwa tunahama, kuna kasri la Lord Egerton. Lilianza kujengwa 1938, na husimuliwa kwamba alimjengea mwanamke ambaye alilikataa. Vyumba 52. Alikaa humo mzee mmoja na watumishi wake hadi alipokufa mwaka wa 1958. Sidhani kuna keateka aliyemuuliza wako wangapi.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya mawe, vyumba viwili vya kulala na sebule inayoweza kugeuka cha tatu, elfu kumi na saba na mia tano. Maji ya kanjo, siku tatu kwa wiki, na tangi. Paa linavuja kona moja. Barabara ya lami iko mbali kidogo, na ndugu yetu atapanda matatu mbili kwenda shule. Keateka alikuwa mama wa makamo akimenya viazi. Aliuliza mko wangapi, mama akasema sita, akaendelea kumenya.

"Watu wa wapi?"

"Wa hapa," mama akasema. "Nilizaliwa Kivumbini."

Yule mama akainua kichwa. "Kivumbini gani? Ya juu ama ya chini?" Wakaanza kutajana majina, ya mwalimu fulani, ya mwenye duka fulani la mafuta ya taa, na nikaona haliko swali tena.

Halafu mama akazunguka nyuma. Nilimfuata. Lango lilikuwa moja. Ua wa nyuma ulikuwa wa michongoma, mrefu, umefungamana vizuri, na upande wa pili mtu alikuwa anaanika nguo za mtoto. Mama alisimama hapo muda. Akamsalimia yule wa nguo, akaitikiwa. Wakazungumza juu ya ua: nani aliupanda, unakatwa lini, mbuzi wa nani hupita. Mama akauliza kama wakikubaliana wanaweza kuacha kijinafasi kidogo pale kwenye kona, cha kupitisha vitu, chumvi, mtoto. Yule akasema hata yeye amekuwa akifikiria hivyo, maana kuzunguka ni mbali.

Ajenti alikuja na makubaliano ya kupanga. Kwenye nafasi ya majina ya wakaaji kulikuwa na mistari minne. Mama aliandika wanne kwa mwandiko wake mkubwa wa orodha za jikoni, kisha akaandika wawili wa mwisho pembeni, herufi ndogo, kuzunguka kona ya karatasi. Ajenti aligeuza ukurasa ili ausome, akahesabu, akapiga muhuri.